Mwisho wa Wasindikizaji

Nchi ninayoisimulia si yenu. Yenu ninaijua, ni nchi nzuri, viongozi wake hulala mapema na kodi zake hufika zinakotumwa. Hii ni nyingine. Jina lake silitaji, kwa sababu wenyewe wana sheria kwamba kulitaja bila kusimama wima ni kosa, na mimi ninaandika nikiwa nimekaa.

Nchi hiyo ilikuwa na wimbo wa taifa, ilikuwa na magereza mapya, na mawaziri wa kutosha kujaza treni, kama ingekuwa na treni. Haikuwa na kiwanja cha ndege. Mkuu wa nchi akitoka ng'ambo alishuka kwa majirani, akaingia kwake kwa gari, amefunikwa na vumbi kama mzigo wa mihogo. Siku moja mkuu wa nchi jirani alimwuliza, kwa upole tu, "Na wewe utajenga lini?" Akarudi amenuna. Taifa zima likaamriwa kununa pamoja naye mpaka mwisho wa mwezi.

Bunge likakutana, likapitisha Fungu la Kiwanja cha Ndege cha Taifa. Wabunge walipiga makofi hadi mmoja akateguka mkono, naye akapelekwa kutibiwa ng'ambo, kwa gari kwanza, kisha kwa ndege ya majirani. Kwa kuwa fedha za fungu hilo hazikuwepo, zilitafutwa mahali ambapo zisingeonekana zimetoka. Shule zikakopesha madawati. Wizara ya Maji ikakopesha mabomba, na zahanati zikakopesha dawa. Neno lililotumika ni kukopesha, maana kuchukua ni neno la wezi.

Waziri wa Anga, Mheshimiwa Daktari Mbwembwe, alilieleza jambo hilo redioni kwa sauti yake nzito. "Ndugu wananchi, mgonjwa anaweza kusubiri. Ndege haisubiri."

Ni kweli. Sisi hatujawahi kuona ndege ikisubiri.

*

Kiwanja kilipangiwa Kitopeni, kwetu. Kitopeni ni vijiji viwili, cha Juu na cha Chini, na katikati palikuwa na uwanda mpana ambao ulikuwa wa watu wote. Ng'ombe walilisha hapo, vijana walicheza mpira, na kwenye ukingo wake palikuwa na shule. Sisi wa Juu tulikuwa na mashamba. Wa Chini walikuwa na kisima, zahanati na makaburi. Kwa hiyo mtu wa Juu aliuvuka uwanda kwenda kuchota maji, kutibiwa na kuzikwa. Wa Chini walivuka kuja kuchukua mahindi na wake.

Katapila lilianza na shule. Mimi nilikuwa darasa la tano, tunasoma habari za mito ya dunia. Mwalimu alituambia tutoke taratibu, tusisukumane, na tukatoka taratibu. Nikaishia hapo kusoma, kwenye mito, na mpaka leo sijui hiyo mito mingine inakwenda wapi.

Kilichojengwa kwanza ni uzio. Cha pili ni Jumba la Wageni Mashuhuri, lenye mazulia na samaki wanaoogelea kwenye kioo. Wale samaki walikuwa na maji safi kabla yetu. Cha tatu ni njia ya kurukia ndege. Mkandarasi alikuja na mtambo mmoja, akakwangua nyasi kutoka mwanzo hadi mwisho, akaondoka kwenda kungoja fungu la pili. Wiki iliyofuata redio ikatangaza kwamba njia imekamilika, na kwamba zege lake linakwenda chini zaidi ya urefu wa mtoto wa darasa la kwanza.

Tulitoka kulitazama. Tuliona udongo mwekundu. Shangazi yangu Nyamvula, ambaye ni mkunga na hana subira na watu wazima, alimwuliza mhandisi, "Baba, zege liko wapi?"

"Liko chini ya udongo, mama."

"Na udongo uko juu yake kwa nini?"

"Kulikinga na jua."

Shangazi akatikisa kichwa kwa heshima. Njiani alituambia, "Mume akimwambia mkewe hivyo juu ya mshahara, anarudishwa kwao."

*

Sasa likaja tatizo. Hazina walikuwa na kanuni kwamba fungu la pili halitoki mpaka abiria waonekane. Abiria hawaonekani bila ndege. Ndege haitui bila lami, na lami haipatikani bila fungu la pili. Wakubwa walikaa vikao juu ya jambo hili katika nchi mbalimbali zenye bahari nzuri, na Mheshimiwa Mbwembwe mwenyewe ndiye aliyepata ufumbuzi, inasemekana akiwa anaoga.

"Abiria ni nani?" aliuliza bungeni. "Abiria ni mtu anayeingia kiwanjani upande mmoja na kutokea upande wa pili. Sheria haisemi chochote kuhusu kuruka."

Basi uzio ukatobolewa malango mawili, moja Juu na moja Chini, na sisi tukawa abiria. Tiketi walitugawia bure, moja kwa kila familia. Walichotaka kwetu ni kupita tu. Kila aliyekwenda kisimani alihesabiwa amesafiri, na aliporudi alihesabiwa tena. Mwanamke mwenye familia kubwa alisafiri mara nyingi zaidi kwa siku moja kuliko balozi kwa mwaka.

Mwanzoni ilitusumbua, kwa sababu kitabu cha taratibu kilinunuliwa ng'ambo na kila kilichomo kilifuatwa. Kitabu kilikataza vimiminika. Wanawake wakitoka kisimani walimwagishwa ndoo langoni. Tulilalamika, wizara ikatuma ujumbe, ujumbe ukala kuku wetu, na mwishowe ikaruhusiwa maji yapite yakiwa ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha. Kwa hiyo kama ungepita Kitopeni wakati huo ungeona safu ya wanawake, kila mmoja amekumbatia mfuko wa maji kifuani kama mtoto, wanatembea polepole usipasuke. Mbuzi walihesabiwa mizigo ya mkononi. Majembe yalikatazwa kabisa, ila mwenye shamba ng'ambo ya uwanda aliyatupa juu ya uzio kwanza, kisha akapita langoni akiwa mikono mitupu na kuulizwa kama amefunga mizigo yake mwenyewe.

Mwisho wa mwaka ilitangazwa kwamba kiwanja chetu kina abiria wengi kuliko vya majirani wote. Fungu la pili likatoka. La tatu likatoka. Mkuu wa nchi alimtumia jirani yake salamu. Mheshimiwa Mbwembwe alipewa nishani, na nyumba yake ikapata ghorofa, na ile ghorofa nayo ikapata ghorofa. Udongo ukabaki vile vile, umekingwa na jua.

Jambo moja tu lilituuma, nalo lilikuwa kibao. Kilitundikwa kwenye kila lango, herufi nyekundu: MWISHO WA WASINDIKIZAJI.

Labda huko kwenu mtu hutoka peke yake akaenda zake. Kwetu hapana. Mgeni akiaga unamtoa mpaka njiani, mpaka utakapoambiwa rudi, na ukirudi kabla ya kuambiwa umemtukana. Mtu akienda kuolewa anasindikizwa, na akienda kuzikwa ni hivyo hivyo. Na mwanamke akienda kujifungua, hapo ndipo hasa. Hawezi kuuguza uchungu huku anatazama njia. Mmoja anamshika, mwingine anabeba beseni na kanga, wa tatu anapiga porojo ili asisikie umbali. Hivyo ndivyo tulivyozaliwa wote, wa Juu na wa Chini, pamoja na yule aliyewekwa kulinda lango.

*

Aliyewekwa kulinda lango la Juu aliitwa Pazi. Alikuwa kijana wa Chini. Kabla ya kupewa kofia alikuwa akija kwetu kuomba miwa.

Uchungu ulimshika dada yangu Tunu asubuhi, jua limeshapanda. Mumewe Kondo alikuwa kwenye mashamba ya miwa ya kampuni, mbali. Shangazi Nyamvula alimpapasa tumbo, akapapasa tena, akasema, "Huyu hatuzalishi hapa. Amelala ubavu. Twende zahanati." Shangazi hakuwa mtu wa kusema twende zahanati ovyo. Akamshika mkono, mimi nikachukua beseni na kanga.

Tulifika langoni.

"Shikamoo, shangazi," Pazi akasema.

"Marahaba. Fungua."

"Tiketi."

Shangazi akampa ile ya familia. Pazi akaitazama, akatutazama sisi watatu.

"Hii ni ya mtu mmoja. Nyie wengine mnakwenda wapi?"

"Tunamsindikiza."

Pazi akaelekeza kidole kwenye kibao, kwa aibu kidogo.

"Nimekiona," shangazi akasema. "Na mimi nilikuwepo ulipozaliwa, Pazi. Mama yako alisindikizwa na mtaa mzima. Ulitoka miguu kwanza, kama unayekataa kuja. Sasa nimeelewa ulikuwa unatafuta kibao."

"Shangazi, usinitajie hayo niko kazini."

"Nikutajie lini? Ukiwa nyumbani unayakumbuka."

Pazi akavuta pumzi, akafungua kitabu cha taratibu. "Halafu ana mimba kubwa."

"Umeona. Nilidhani kofia imekuziba."

"Mwenye mimba kubwa hasafiri bila barua ya daktari. Ni kwa usalama wa ndege."

"Ndege ipi?"

Pazi akatazama juu. Sisi pia tukatazama. Kulikuwa na mwewe.

"Ndege yoyote," akasema.

"Barua anaandika nani?"

"Daktari wa zahanati."

"Na zahanati iko wapi?"

Pazi akafunua ukurasa mwingine. Ilikuwa nyuma yake, ng'ambo ya uwanda, bati lake tunaliona kabisa.

Tunu alikuwa ameshika waya wa uzio kwa mikono miwili. Uchungu ulimwachia kidogo, akainua uso. "Pazi kaka," akasema, "nitakuzalia hapa hapa mlangoni kwako, na utafagia mwenyewe." Akacheka. Hata Pazi karibu acheke. Kisha ukamshika tena, na hakucheka mtu.

Pazi akampigia mkubwa wake kwa simu ya upepo. Mkubwa wake akampigia mkubwa wake. Tuliisikia ile simu ikipanda ngazi, sauti juu ya sauti, mpaka ikafika wizarani, ambako waliambiwa wangoje kwa sababu wahusika wako kwenye chai. Shangazi alimkalisha Tunu chini akamsugua mgongo. Mimi si msemaji. Nilihesabu nyuzi za kanga.

Jibu likashuka kwa njia ile ile. Serikali, kwa huruma yake, imemruhusu mama huyo avuke bila barua. Avuke peke yake.

*

Alivuka peke yake. Mnataka kujua alivyokwenda, nami nitawaambia, kwa sababu redio haikusema. Alikwenda ameshika kiuno kwa mkono mmoja, na mwingine ameunyoosha pembeni, kama kuna mtu wa kumshika. Alikuwa akigeuka kututazama. Shangazi alimpigia porojo kupitia waya, kwa sauti kubwa, akimsimulia habari za harusi moja ya zamani ambapo bwana harusi alilewa akamkumbatia mkwewe. Tunu alipunga mkono kuonyesha kwamba anasikia. Katikati ya njia ya kurukia ndege akapiga magoti. Kisha akalala.

Shangazi hakuomba ruhusa tena. Alipita chini ya uzio pale wanapopenya mbuzi, nguo zikachanika, nami nyuma yake na beseni. Pazi alisema, "Shangazi, tafadhali," lakini alisema polepole.

Tulimkuta mtoto amekwisha geuka na anakuja. Alikuwa wa kike, na alilia mara moja. Tunu akauliza, "Analia?" Shangazi akamwambia, "Si unamsikia. Analia kama wewe ulivyolia." Tunu akasema, "Basi nipeni maji."

Maji yalikuwa kisimani, upande wa pili.

Damu haikukoma. Upande wa Chini tulimwona muuguzi wa zahanati amesimama langoni na mkoba wake, anapunga mikono mbele ya mlinzi. Hakuwa na tiketi. Tiketi ziligawiwa kwa familia, naye alikuwa mgeni aliyepangiwa kazi. Alipoachiwa alikuja mbio, amepoteza kiatu kimoja, akapiga magoti kando yetu, akafungua mkoba. Akaufunga. Sindano ya kuzuia damu ilikuwa miongoni mwa zile dawa zilizokopeshwa.

Tunu alifia pale, kichwa chake kwenye mapaja ya shangazi, juani, juu ya zege ambalo halikuwepo.

*

Jioni kila lango lilipaswa kutuma hesabu wizarani. Pazi alituma ya kwake: aliyewasili mmoja, aliyeondoka mmoja.

"Aliyewasili?" karani wa wizarani akauliza. "Ametoka wapi?"

Pazi akarudia hesabu yake vile vile. Karani akaelewa kivyake. Kabla hakujapambazuka wizara nzima ilikuwa inapeana mikono, kwa kuwa hadi siku hiyo kiwanja chetu kilikuwa na watu wanaopita tu, hakikuwa kimewahi kupokea mtu anayewasili. Redio ikapiga wimbo wa taifa, ikatangaza. Mheshimiwa Mbwembwe atakuja mwenyewe kumkabidhi mtoto Cheti cha Mwasili wa Kwanza, akifuatana na bwana mkubwa wa Hazina, ambaye ameguswa sana na anafikiria fungu la nne. Kuhusu aliyeondoka redio haikusema kitu, maana kuondoka si habari.

Mwili tuliurudisha Juu, nyumbani. Kondo alifika asubuhi na masizi ya miwa usoni, akakaa mlangoni, hakuingia na hakutoka. Mtoto alinyonyeshwa na jirani yetu aliyejifungua mwezi ule.

Makaburi yako Chini. Ilibidi tuvuke. Na hapo ndipo mtu fulani wizarani alipogundua kwamba wasindikizaji nao wana miguu. Pazi alikuja nyumbani na gunia. Aliliweka chini, akasema, "Shikamoo, shangazi."

Shangazi hakuitikia. Kwetu shikamoo isiyoitikiwa ni kitu kizito, kijana husimama nayo hadi magoti yachoke. Pazi alisimama nayo.

"Wametuma tiketi," akasema mwishowe. "Za mazishi. Mnaruhusiwa wote, hata watoto wa mgongoni. Wamesema msindikizeni mnavyotaka."

"Na yeye?" Kondo aliuliza kutoka mlangoni. "Anapita kama nani?"

Pazi alijibu akitazama ardhi. "Kama mzigo."

Niliona Kondo ananyanyuka, na shangazi akamwekea mkono begani, akamkalisha. Alizungumza bila hasira, kama mtu anayepanga kazi ya kesho shambani.

"Jana alitaka watu wawili tu. Leo mnampa mkoa. Hatuvuki, Pazi. Kawaambie hatuvuki tena, si leo tu. Tukivuka mnatuhesabu, na mkituhesabu mnakula. Tutaingia, na hatutatokea upande wa pili. Atalala pale alipolala."

*

Tuliingia wote wa Juu kwa lango la Juu, na wa Chini wakaingia kwa lao, na majembe mikononi. Walinzi hawakuyazuia. Walikuwa na mama zao katika umati ule.

Kondo ndiye aliyepiga jembe la kwanza. Lilizama hadi kwenye mpini, kama kwenye tuta la viazi. Akapiga la pili, na la tatu, na wengine wakampokea. Tulichimba hadi kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, tukapita, tukafika kimo cha mtu mzima. Tulikuta mizizi ya nyasi, tukakuta kipande cha ubao wa shule, na minyoo. Tukamlaza Tunu, tukamfukia. Kisha tukatandika mikeka, tukawasha moto, tukaanza matanga pale pale, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, sufuria za ugali zikichemka katikati ya njia ya kurukia ndege ya taifa.

Mheshimiwa Mbwembwe alifika siku ya pili na msafara wa magari, waandishi wa habari na bendi. Bendi ilianza kupiga, ikaona, ikaacha chombo kimoja kimoja. Yeye alikuwa amevaa suti nyeupe na viatu vyeusi vinavyong'aa, na cheti amekishika kwenye fremu. Alipowaona watu alifungua mdomo kuhutubia, kwa mazoea.

"Ndugu abiria," akasema.

Hakuna aliyegeuka.

Bwana wa Hazina alikuwa amekwisha simama kwenye lundo la udongo uliobaki. Aliinama, akachota, akausugua kwa vidole. Waandishi wakampiga picha. Akamtazama waziri, na waziri akamtazama mhandisi, na mhandisi akatazama jua.

"Zege liko wapi?" Mheshimiwa Mbwembwe aliuliza kwa sauti ndogo. Ndiyo siku ya kwanza katika nchi ile kiongozi kuuliza swali ambalo na sisi tulikuwa tunauliza.

Kisha akajikusanya. Alisema amesikitishwa mno. Alisema serikali itagharimia kuhamishwa kwa kaburi, kwamba tayari anaona haja ya fungu maalumu. Alisema mtoto aletwe apokee cheti chake, naye mwenyewe atamfikia mama wa familia kumpa pole. Akaanza kutembea kuelekea kwetu.

Shangazi Nyamvula hakunyanyuka kwenye mkeka. Mtoto alikuwa mapajani kwake, amelala, ngumi imebanwa.

"Vua viatu, baba," akamwambia. "Hapa makaburini."

Kwetu makaburini huingiwa peku, na hata waziri anazaliwa mahali, analijua hilo. Alisimama. Kamera zote zilikuwa zinamtazama miguu. Aliangaza kushoto na kulia kutafuta mtu wa kumfungulia kamba, lakini wasaidizi wake walikuwa wamebaki kwenye magari. Akainama mwenyewe, akitweta, akavua kimoja na kingine, akavishika mkononi pamoja na cheti.

Mbele yake watu walikuwa wamekaa kwa safu, bega kwa bega, kutoka uzio hadi uzio. Alisimama kwenye udongo mwekundu na soksi zake nyeupe, akingoja mtu asogee apite.

Tuliendelea kukaa.